Sinia ya Futari na Daftari la Duka

(Mada iliyotolewa kwa vijana wa kike na wa kiume katika kikao cha mwezi wa Shaabani)

 

Ndugu zangu wapendwa, mada niliyopewa ni "Nyumba na Matumizi". Nafikiri wengi mlitarajia nisome aya na hadithi za israfu, nieleze israfu ni nini na tabdhiri ni nini, kisha nikae chini. Aya mnazijua. Suratul Israa mmeisoma chuoni, na maustadhi wetu wamekwisha kutufafanulia vizuri kuliko nitakavyoweza mimi. Kwa hiyo leo nataka tuingie jikoni. Jikoni kwenyewe, penye mbuzi ya nazi na mtungi wa gesi, saa kumi za alasiri, siku ya kumi na tisa ya Ramadhani, wakati mama amesimama tangu adhuhuri na pesa za wiki zimekwisha tangu juzi.

Hebu kwanza tuulizane swali moja. Mwezi wa kufunga tunapunguza mlo mmoja mzima wa mchana. Chai ya saa nne haipo, chakula cha mchana hakipo. Sasa imekuwaje mwezi huu ndio nyumba zetu zinakula pesa nyingi kuliko mwezi wowote? Chukua karatasi uandike vitu vilivyokuwa mezani kwenu mwaka jana siku ya kawaida tu, si ya wageni. Mimi niliandika vya kwetu: tende, uji wa pilipili manga, kaimati, sambusa, viazi karai, bhajia, mbaazi za nazi, mahamri, tambi, muhogo wa nazi, samaki wa kukaanga, sharubati ya ukwaju. Vitu kumi na viwili. Watu saba. Na baada ya tarawehe wali unangoja. Tumbo lililokuwa tupu mchana kutwa hushiba kwa tende tatu, bakuli la uji na sahani moja. Hivyo vingine tulivila kwa macho, na asubuhi vikaenda kwa paka.

Nisieleweke vibaya. Futari nzuri si dhambi, na mwenye kumfuturisha mwenzake ana ujira wake. Mamangu hapiki ili aonekane. Anapika kwa sababu alivyolelewa yeye Mombasa hii, meza ya Ramadhani ndiyo mapenzi yenyewe, na sahani inayotumwa kwa jirani ndiyo ujirani. Kwa hiyo tunapozungumza kupunguza, jueni tunagusa kitu kizito. Msiende nyumbani leo mkamwambia mama, "tumeambiwa wafanya israfu." Mtapigwa na mwiko na haki yake!

Sasa niwape kisa cha nyumba moja, ambayo ni yetu.

Mwaka 2022 mnaukumbuka. Vita vya Ukraine vilianza Februari, bei ya mafuta ya kupikia ikapanda dunia nzima, na kabla ya Ramadhani kwisha Indonesia ikazuia mafuta yake ya mawese kuuzwa nje. Huku kwetu mafuta mengi ya kupikia hutokana na mawese. Lita moja ya mafuta ikawa kitu cha kutazamwa mara mbili. Ramadhani ile iliingia mwanzo wa Aprili, na kalenda ya shule wakati ule ilikuwa imevurugika kwa sababu ya korona, hivyo muhula wa kwanza ulifunguliwa tarehe 25 Aprili, mfungo ukiwa haujaisha. Nilikuwa naingia kidato cha nne, mdogo wangu kidato cha pili. Babangu alikuwa amepunguziwa siku za kazi, kutoka sita kwa wiki hadi tatu.

Kwetu kuna duka la mtaani ambalo lina daftari. Kila nyumba ina ukurasa wake. Unatuma mtoto, anachukua unga, sukari, hamira, lita ya mafuta, muuzaji anaandika. Hakuna anayetoa pesa mkononi, kwa hiyo hakuna anayeziona zikitoka. Ilipofika kumi la mwisho ukurasa wetu ulikuwa umejaa, wakafungua wa pili. Jumla ilikuwa shilingi 14,650. Na wiki hiyo hiyo ndiyo ya ada. Muuzaji naye ana watoto, na alidai kwa adabu, lakini alidai. Babangu alilipa duka kwanza, kwa sababu huwezi kupita mbele ya mtu kila siku kwenda msikitini na deni lake unalo. Mimi nikarudi shule baada ya siku tisa. Mdogo wangu baada ya kumi na nne. Siku tisa katika mwaka wa mtihani si nyingi, mtasema. Lakini nilikuwa nyumbani mchana kutwa nikitazama bakuli la bhajia za jana zilizolainika, na nikawa nafanya hesabu kichwani: hizi ni siku ngapi za shule?

Mwaka uliofuata, 2023, nilikuwa nimemaliza mtihani, nangojea kuingia chuo kikuu. Ilipofika Shaabani nikamwomba mamangu jambo moja. Sikumwambia apunguze chochote. Nilimwambia, "Mama, mwaka huu daftari tuwe nalo sisi." Akacheka. Tukanunua daftari la kurasa 48, na kila kitu kilichotoka dukani tukakiandika sisi wenyewe siku ile ile, kwa bei yake. Wallahi hilo tu, kabla ya kubadilisha chochote jikoni, lilifanya kazi. Wiki ya kwanza mama mwenyewe aliangalia ukurasa akasema, "Kumbe sukari ndiyo inayotumaliza!" Shira ya kaimati, sukari. Tambi, sukari. Sharubati, sukari. Uji, sukari. Chai ya daku, sukari. Kilo nne na nusu kwa wiki katika nyumba ya watu saba. Hakuna aliyehitaji kumhubiria.

Basi tukaketi, mama, mimi na wadogo zangu, tukapanga. Ubishi ulikuwepo. Mama alikubali vitu vitatu mezani badala ya kumi na viwili: kitu kimoja cha kunywa chenye moto, kitu kimoja cha nazi, na kitu kimoja cha kukaanga. Tende na maji havihesabiwi. Lakini alikataa katakata habari ya kuacha kutuma sahani. "Nitawatazamaje watu?" akasema. "Sahani ya watu imekuja kwangu na vitu, niirudishe tupu?" Na hapo, ndugu zangu, mama alikuwa na haki. Sahani hairudi tupu. Huo ni mwendo wetu wa pwani na sioni sababu ya kuuvunja. Nyumba yenye kujibana mpaka jirani akasahauliwa, hiyo nayo ni bahili, na ubahili haujawahi kuwa uchumi.

Jawabu alilileta mama mwenyewe. Aliwaendea majirani wawili, mmoja ukuta kwa ukuta na mwingine ng'ambo ya kichochoro, akawaambia: mimi leo napika mbaazi sufuria kubwa, wewe pika kaimati, wewe pika sambusa, tugawane. Kesho tubadilishane. Kila nyumba inapika kitu kimoja, kila nyumba inakula vitu vitatu. Sahani zinakwenda na kurudi kama kawaida, na hakuna aliyekaanga vitu vinne peke yake. Nawaambia kweli, wale majirani walishukuru kuliko sisi. Mmoja alisema alikuwa akikopa kwenye simu kila wiki ya pili ya Ramadhani na anaona haya kusema. Mikopo ile ya simu yenye ziada mnajua hukumu yake. Lakini mtu huifikia kwa sababu ya lita ya mafuta, si kwa sababu hajui hukumu.

Sasa tuje kwenye mapishi yenyewe. Hapa nitakaa kidogo.

Kitu cha kwanza ni nazi. Katika nyumba nyingi naona nazi tatu zinakunwa kwa sufuria moja ya mbaazi. Kwa nusu kilo ya mbaazi kavu nazi moja kubwa yatosha ikikamuliwa kwa mpango. Kuna machicha mabichi: tia maji ya vuguvugu kikombe kimoja, kamua, hilo ni tui zito, liweke kando. Rudia kwa vikombe viwili, hilo ni la pili. Rudia tena, la tatu. Mbaazi zilizokwisha kuiva utazichemshia kwa tui la tatu na la pili pamoja na kitunguu, pilipili na bizari, ziive ndani yake mpaka rojo liwe zito. Tui zito litie mwisho, koroga, likishaanza kutokota epua. Ukilichemsha sana linakatika, mafuta yanajitenga, ladha inapotea, halafu wasema nazi ilikuwa mbaya. Vifuu usivitupe; vikikauka vinawasha jiko la makaa vizuri kuliko karatasi.

Cha pili ni moto. Mtungi wetu ni wa kilo 6. Gesi iliwekewa VAT ya asilimia 16 Julai 2021, mwaka 2022 ikapunguzwa hadi 8, na mwaka 2023 ikaondolewa, lakini nyumba inayochemsha mbaazi, kunde na maharagwe kila siku hula gesi tu hata kodi iwe sufuri. Makaa nayo tangu serikali ilipozuia ukataji wa miti Februari 2018 bei yake haijawahi kurudi ilivyokuwa. Sisi tukatengeneza kapu la joto. Hili si jambo jipya, akina mama wa vikundi wanalifundisha miaka mingi, ila vijana wengi hatulijui.

Chukua kapu la ukindu, kubwa kuliko sufuria yako kwa shubiri moja kila upande. Shona mto mnene wa chini, mto mrefu wa kuzunguka, na mto wa juu wa kufunikia. Ndani ya mito jaza nguo kuukuu zilizokatwakatwa, mabaki ya fundi cherehani, au sufi. Sisi tulitumia dira mbili zilizochakaa, kanzu ya babangu na pazia la zamani. Hatukununua ila uzi. Mbaazi roweka usiku; mchana zichemshe nusu saa kwa moto mkali na kifuniko, halafu ondoa sufuria ikiwa yachemka, iingize kapuni haraka, funika, na usifungue kwa saa nne. Usichungulie! Ukichungulia joto limekwenda. Ukitoa zimeiva, zimebaki nazi na moto mdogo. Mchele unauchemsha dakika tano tu, kisha kapuni kama saa moja. Sufuria iwe imejaa angalau zaidi ya nusu, kwani chakula kidogo hupoa upesi. Maharagwe mekundu yachemshe sana kwanza juu ya moto kabla ya kuyaingiza, yasiende kapuni nusu mabichi, maana yana sumu isiyoondoka kwa joto dogo. Na chakula kilicholala kapuni mpaka kikawa vuguvugu, kichemshe tena kabla ya kula.

Faida ya kapu si gesi peke yake. Mamangu alikuwa akiweka mbaazi saa saba mchana, anaswali, analala kidogo, anasoma juzuu yake. Kabla ya hapo alasiri yake yote ya Ramadhani ilikuwa jikoni na magharibi ikimkuta amechoka hata kuinua kijiko. Mwaka ule alihitimisha Qur'an kabla ya siku ya ishirini na nne. Miaka mingapi hakuwahi kuhitimisha? Sikumwuliza.

Cha tatu ni mafuta ya kukaanga. Kwa kuwa tulikaanga kitu kimoja kwa siku, tulipanga kwa wiki. Mafuta mapya kaangia kaimati kwanza, kwa vile ni safi na hayaachi harufu. Chuja kwa kitambaa. Siku ya pili viazi karai. Siku ya tatu bhajia au samaki, na hapo ndio mwisho wake. Yakishakuwa meusi na kutoa povu yamekufa, tupa. Unga wa kuviringishia viazi ukiwa mwepesi sana hunywa mafuta, ukiwa mzito kiasi hauyanywi. Na mafuta yasiyopata moto sawasawa ndiyo yanayokwisha haraka, kwa sababu chakula kinakaa ndani kikilowa.

Mengine nitayapita haraka. Pojo hazihitaji kurowekwa na ni rahisi kuliko nyama. Wali uliobaki konzi moja utie kwenye blenda pamoja na mchele wa vibibi, vinakuwa laini. Boflo lililokauka lichovye kwenye yai na maziwa ukaange, hiyo ni daku tayari. Mboga nunueni Kongowea pamoja, nyumba tatu, mgawane. Fungu la rejareja mtaani ni ghali kuliko mnavyofikiri. Na msinunue mkiwa na njaa saa kumi na moja jioni. Kila kitu saa hiyo ni kitamu.

Kaka zangu, mnacheka, lakini sijawasahau. Mbuzi ya kukunia nazi haina jinsia. Mwanamume aliyefunga ana nguvu sawa na dadake aliyefunga. Kwetu mdogo wangu wa kiume, ambaye sasa ana miguu mirefu kama ngazi, kazi yake ni kukuna nazi na kuosha masufuria baada ya tarawehe, na babangu ndiye anayekata kachumbari. Mara ya kwanza mjomba alipomkuta na kisu na kitunguu alishangaa. Babangu akamwambia, "Mtume alikuwa akiwasaidia watu wa nyumbani kwake, mimi ni nani?" Mjomba akakaa akamenya ndimu. Nyinyi mlioko vyuo vikuu na mnakaa watu wanne chumba kimoja huko Nairobi au Eldoret, mnapikiana zamu kwa zamu na mnajua kabisa kupika. Kwa nini mkifika nyumbani mnasahau?

Tuje kwenye nyumba yenyewe. Ramadhani na Idd kila mtu anataka nyumba mpya. Mapazia mapya, foronya mpya, zulia jipya. Mimi nasema mwanzo wa Shaabani toeni mito yote juani. Mto wa sufi ulioganda usiutupe: fumua upande mmoja, toa sufi, ianike siku nzima juu ya mkeka mahali pasipo upepo, ichambue kwa mikono, irudishe. Mto unafufuka. Ukuta uliomenyeka ni chokaa na brashi, Ijumaa mbili. Leso inauzwa jozi, na leso moja ikikatwa vizuri ni foronya. Ukizishona kutoka jozi moja chumba kinapata rangi moja na watu wanadhani umenunua seti. Vitambaa vya Idd nendeni Biashara Street sasa hivi, katika Shaabani, si lile kumi la mwisho ambapo mnasukumana usiku kucha na fundi anawaambia "kesho, kesho". Mwenye cherehani miongoni mwenu ajitokeze, tutamtumia. Gunia la mchanga na samadi lenye sukuma wiki na dania linakaa hata kwenye roshani. Sisi letu liko juu ya dari, karibu na tangi la maji, na sijanunua dania tangu mwaka juzi.

Kuna kitu kimoja ambacho watu hukisahau katika bajeti kisha kikawajia usiku wa kuamkia Idd: fitri. Kila kichwa pishi moja, ambayo wanazuoni wengi wanaikadiria kilo 2.5 mpaka 3 za chakula kinacholiwa mahali hapo. Watu saba ni kilo 17 na nusu hadi 21 za mchele. Ukinunua kilo tano kila wiki kuanzia wiki ya kwanza, hutaona. Ukingoja usiku wa mwisho utakopa, na mtu anakopa ili amtolee maskini ambaye pengine hadaiwi! Sisi ndoo ya fitri iko chini ya kitanda cha mama, ina alama yake, na hakuna anayeigusa hata mchele ukiisha jikoni.

Mwisho, matembezi. Mtanishangaa kuyatia hapa, lakini ni mambo ya nyumba. Pesa tulizookoa mwaka 2023 tulikuwa na ubishi tuzifanye nini. Ukurasa wa duka ulikuwa shilingi 3,200 tu na tulilipa kabla ya Idd. Ada ya mdogo wangu ilitengwa. Ikabaki kidogo. Baba akasema iwekwe. Mama, ambaye hakuwa amevuka daraja la Nyali kwa starehe tangu nikiwa mdogo, akasema, "Na mimi je?"

Tukaenda Gede katika Shawwal. Gari la Malindi asubuhi mapema, mwendo wa kama kilomita 100, unashuka njia panda ya Gede, halafu miguu kidogo. Tulibeba mkate wa sinia, viazi vya rojo, mayai na chupa mbili za chai. Tulichonunua njiani ni maembe tu. Kwa wasiojua, Gede ni mji wa Waislamu wa kale, watu walikaa pale kwa karne kadhaa mpaka ukahamwa katika karne ya kumi na saba. Jamia yake ipo, kisima kipo, mihrabu ipo. Kuna kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948, na nyumba nyingine zimepewa majina ya vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma. Mwaka 2024 UNESCO wameutia katika orodha ya urithi wa dunia, kama Ngome yetu ya Fort Jesus ilivyotiwa mwaka 2011 na Lamu mwaka 2001.

Mamangu alizunguka zile nyumba chumba baada ya chumba kama mtu anayetafuta nyumba ya kupanga. Aliangalia ua, akaangalia vyoo, akaangalia vile vyumba vya nyuma vya kuwekea vitu. "Hawa walikuwa na ghala," akasema. "Mimi chini ya kitanda." Tulicheka mpaka mlinzi akageuka. Kima wakaiba ndizi ya mdogo wangu. Alasiri tuliswali chini ya miti, tukapanda gari tukarudi.

Si lazima muende mbali hivyo. Kivuko cha Likoni kwa mwenye miguu ni bure, na kwa mtoto wa miaka sita ile ni safari ya meli. Vukeni, kaeni ufuoni, nyweni dafu, rudini. Mama Ngina pametengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2019; baada ya tarawehe nendeni na mkeka wenu na muhogo wa kukaanga wa shilingi chache wenye ndimu na pilipili, mtazame meli zikiingia bandarini. Haller Park ya Bamburi nayo ilikuwa shimo la kuchimbia mawe ya saruji, likaanza kupandwa miti mwaka 1971, na wadogo zenu waelezeni kisa cha kiboko Owen aliyeletwa pale baada ya ile tsunami ya Disemba 2004 akafanya urafiki na kobe Mzee. Watawasumbua mpaka muwapeleke. Na wenye kuvunja jungu mwisho wa mwezi huu, vunjeni, lakini kila mmoja abebe chungu chake kutoka nyumbani, tusichangishane pesa za hotelini kisha tukaingia mfungo tukidaiwa.

Dada wa kamati amenionyesha saa, kwa hiyo nitaishia kwenye kazi. Jumamosi ijayo baada ya adhuhuri, papa hapa, tutashona makapu ya joto. Makapu kumi ya ukindu yamekwisha kuagizwa kwa bei ya jumla. Njooni na nguo kuukuu, safi, zilizofuliwa, sindano na uzi mzito. Nyumba tatu zinazopakana zikitaka kujiandikisha pamoja kwa mpango wa sahani, jina moja latosha. Ndugu wa kiume watakaokuja, mbuzi tatu za nazi zitakuwepo.